Chumba Chenye Dirisha la Ziwa: Programu Nne za HDR kwa Anayeshindwa Kuchagua

Mpiga picha wa Goma hukutana na tatizo la HDR (high dynamic range, yaani picha yenye tofauti kubwa kati ya giza na mwanga) kabla hajalisikia jina lake. Kuta na nyua nyingi za mji huu zimejengwa kwa mawe meusi ya volkeno, na chini yake kuna Ziwa Kivu linalorudisha jua machoni kama kioo. Ukipima mwanga kwa ajili ya ukuta, ziwa linageuka karatasi nyeupe. Ukipima kwa ajili ya ziwa, ukuta unabaki giza tupu. Wenye nyumba za wageni za ufukweni, ambao ndio wateja wangu wa kudumu, wanataka vyote viwili katika picha moja, kwa kuwa kinachouza chumba mara nyingi ni kile kinachoonekana dirishani.

Ninalinganisha hapa programu nne: Lightroom Classic, Photomatix Pro, HDRMerge ikifuatiwa na darktable, na Enfuse inayotumiwa pamoja na Hugin, programu ya kushona picha za panorama. Mfano wangu utakuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: chumba chenye ukuta wa mawe meusi, pazia jepesi, taa ya manjano kando ya kitanda, na dirisha linalotazama ziwa saa tisa alasiri. Chumba hicho nilikipiga fremu tano kamera ikiwa juu ya tripodi, kwa f/8 na ISO 100, nikibadilisha muda peke yake: sekunde 1/1000 kwa ajili ya mawingu, kisha 1/250, 1/60, 1/15, na mwisho 1/4 kwa ajili ya kona iliyo nyuma ya kitanda.

Kazi mbili ndani ya jina moja

Wapiga picha huhesabu mwanga kwa hatua, na kila hatua ni maradufu ya ile iliyo chini yake. Kihisi cha kamera nzuri ya leo hushika takriban hatua 12 hadi 14 katika faili ghafi moja (RAW, yaani picha kabla kamera haijaichakata). Kati ya fremu yangu ya kwanza na ya mwisho kuna hatua 8, kwa hiyo zote tano kwa pamoja zinabeba hatua 20 au zaidi, na hakuna skrini ya kawaida wala karatasi inayoweza kuzionyesha zilivyo. Ndiyo maana HDR ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuunganisha, yaani kuzifanya fremu tano kuwa faili moja yenye mwanga wote. Ya pili ni kubana, yaani kuushusha mwanga huo hadi uenee kwenye skrini bila picha kupoteza uhai.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alichapa picha za bahari kwa kutumia negativu mbili, moja ya maji na nyingine ya anga, akiziunganisha kwenye mstari wa upeo wa macho. Mwaka 1997 watafiti Paul Debevec na Jitendra Malik walieleza namna ya kukokotoa mwanga halisi wa mandhari kutokana na fremu kadhaa, na mwaka 2007 Tom Mertens, Jan Kautz na Frank Van Reeth wakaonyesha kwamba inawezekana kutotengeneza faili ya HDR kabisa, bali kuchukua kutoka kila fremu sehemu iliyopata mwanga mzuri na kuzichanganya moja kwa moja.

Programu zetu nne zinatofautiana hasa katika jinsi zinavyozigawa kazi hizo mbili. Lightroom Classic huunganisha fremu kuwa faili ya DNG, aina ya faili ghafi, kisha kubana kunabaki mikononi mwako kwa vitelezi (slider) vilevile unavyovitumia kwa picha nyingine. HDRMerge nayo hutoa DNG, lakini inaishia hapo, na kubana hufanyika ndani ya darktable au RawTherapee, ambazo ni programu za kusafisha faili ghafi. Photomatix Pro hufanya kazi zote mbili mahali pamoja. Enfuse hufuata njia ya mwaka 2007 na kuchanganya bila kupitia faili ya HDR.

Vigezo

Nimechagua vigezo vinne. Cha kwanza ni sura ya mwanga: je, picha iliyomalizika inaonekana kama chumba au kama mchoro? Cha pili ni namna programu inavyoshughulikia vitu vilivyosogea kati ya fremu na fremu. Cha tatu ni mzigo kwa kompyuta na diski, jambo ambalo umeme unaokatika hulifanya liwe kubwa kuliko linavyoonekana kwenye vitabu vya mafunzo. Cha nne ni malipo na mtandao. Sikuhesabu wingi wa mitindo iliyotengenezwa tayari, kwa sababu sijamwona mteja anayeirudia kazi kwa ajili ya mtindo.

Sura ya mwanga

Kwa Lightroom Classic, ambayo imekuwa na uwezo wa kuunganisha HDR tangu 2015, matokeo ya mwanzo huwa ya kawaida kiasi kwamba anayeanza hudhani hakuna kilichofanyika. Faili inayotoka ni DNG ya biti 16 yenye namba za desimali, na dalili yake ni kwamba kitelezi cha mwanga, ambacho kwa picha ya kawaida huishia hatua 5 kila upande, sasa hufika 10. Faida yake kubwa kwa chumba changu ni rangi. Taa ya kando ya kitanda ni ya manjano na mwanga wa ziwa ni wa bluu, na kwa kuwa DNG hiyo bado inafanya kazi kama faili ghafi, ninaweza kurekebisha rangi nyeupe (white balance) baada ya kuunganisha, kisha nikapaka barakoa (mask, yaani kulitenga eneo moja) juu ya dirisha na kulitendea peke yake. Udhaifu wake ni kwamba ukibana kwa nguvu kwa vitelezi vya jumla, chumba huwa bapa, bila kina, na inabidi urudishe kivuli kwa mkono.

HDRMerge na darktable hufika mahali hapohapo kwa njia ndefu zaidi. Badala ya kukokotoa wastani wa fremu zote, HDRMerge huchukua kila sehemu kutoka fremu iliyoipiga vizuri zaidi na kulainisha mipaka tu, kwa hiyo mawe ya nyuma ya kitanda hutoka safi, bila chenga (noise, zile nuktanukta za gizani). Kisha ndani ya darktable kuna moduli ya kusawazisha toni, inayokuruhusu kuinua sehemu za giza bila kugusa zenye mwanga, pamoja na filmic na sigmoid ambazo ndizo zinazobana mwanga wenyewe. Huenda hiki ndicho kifaa chenye udhibiti mwingi kuliko vyote katika orodha hii, na ndicho kinachomtesa mgeni kuliko vyote. Siku za kwanza nilitumia jioni nzima kuufanya ukuta mmoja uonekane kama ukuta. darktable ina pia amri yake ya kuunganisha HDR, lakini amri hiyo hailinganishi fremu zilizopishana, kwa hiyo inafaa pale tu tripodi haikutikisika hata kidogo.

Photomatix Pro imebeba sifa mbaya isiyoistahili yote. Ni kweli kwamba njia yake ya kukuza undani ndiyo iliyojaza dunia picha zinazofanana na katuni, na mawe yetu meusi huadhibiwa kuliko kitu kingine: ukisukuma nguvu hadi mwisho, ukuta wa volkeno unakuwa kama mkaa uliopakwa mafuta. Tatizo la pili ni mng'ao wa kingo. Piga Nyiragongo jioni, mlima mweusi mbele ya anga yenye mwanga, kisha ubane bila kiasi. Utaona mstari mweupe unaoufuata mlima kama taji, kwa sababu programu inapima kila sehemu kwa kuilinganisha na majirani zake, na penye mpaka mkali hesabu hiyo hujikanyaga. Lakini programu hiyohiyo ina njia ya kuchanganya iliyotayarishwa kwa ajili ya picha za ndani ya nyumba, na kwa chumba changu ilitoa jibu zuri kwa muda mfupi kuliko programu nyingine zote, dirisha na kitanda vikiwa mahali pake. Wengi hupenda kuziandaa faili ghafi katika programu nyingine kwanza na kuipa Photomatix TIFF, aina ya faili kubwa ya picha iliyokwisha kuandaliwa, kwa kuwa uandaaji wake wa faili ghafi ni wa msingi.

Enfuse haina vishawishi hivyo. Huipa kila nukta uzito kulingana na jinsi mwanga wake ulivyokaribia kati na kiasi cha rangi kilichomo, kisha huchanganya kwa tabaka za ukubwa tofauti ili mishono isionekane. Picha yake ni ya asili, pengine ya unyenyekevu mno: anga hupauka kidogo, na utahitaji kuongeza utofauti baadaye. Rangi nyeupe lazima iamuliwe kabla, kwenye fremu zote tano kwa kipimo kimoja, kwa sababu kinachotoka si faili ghafi tena.

Mizuka

Mzuka ni kitu kilichokuwa mahali pamoja katika fremu ya kwanza na mahali pengine katika fremu ya tatu, kikaonekana nusunusu katika picha ya mwisho. Katika chumba changu mzuka ni pazia, kwa sababu upepo wa ziwa hauulizi kama umemaliza. Nje ni mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, ile mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu ya kushikia wavu, inayotoka jioni wakati ambapo sisi karibu na ikweta tuna takriban dakika ishirini tu za mwanga mzuri baada ya jua kuzama. Mawimbi yenyewe husamehe. Yakichanganyika hulainika na mteja hasemi kitu. Mtumbwi hausamehe.

Lightroom Classic hutoa viwango vitatu vya kuondoa mizuka, cha chini, cha kati na cha juu, na huweza kukuonyesha kwa rangi sehemu ilizozigusa. Kwa pazia kiwango cha chini kilitosha. Huwezi hata hivyo kuiamuru ichukue fremu gani, na ikichagua fremu yenye giza, sehemu ile hujaa chenga wakati majirani zake ni safi.

Hapa Photomatix Pro ina nafasi yake ya heshima. Unachora mstari kuzunguka mtumbwi, kisha unaiambia ichukue fremu fulani kwa eneo hilo peke yake. Kwa anayepiga ziwa, bandari au soko, uwezo huo mmoja unaweza kuwa sababu ya kutosha ya kuinunua.

HDRMerge hutoa brashi: unapaka sehemu na kuamua itoke fremu ipi. Ni kazi ya mkono, lakini matokeo yanatabirika, na kwa kuwa programu haikokotoi wastani, mizuka huwa michache tangu mwanzo. Kulinganisha kwake fremu ni kwa kuzisogeza kando na juu tu, bila kuzizungusha, kwa hiyo picha zilizopigwa kwa mkono huipa shida.

Enfuse haina dawa yoyote ya mizuka. Chombo cha kulinganisha kinachokuja na Hugin hunyoosha vizuri fremu zilizopishana, hata za mkononi, lakini kilichosogea ndani ya picha kinabaki kama kilivyo. Njia ni kuiondoa fremu yenye kosa, au kurekebisha kwa barakoa ndani ya GIMP, programu huru ya kuhariri picha.

Niseme pia kwamba watu wasipigwe HDR ya fremu nyingi, hata kwa programu ipi. Niliwahi kujaribu kwenye arusi iliyofanyika bustanini, na mama wa bibi arusi alinirudishia picha akiniuliza kwa upole, "Mwanangu, binti yangu umempa vidole saba?" Tangu siku hiyo, penye watu ninapiga faili ghafi moja, nikilinda mwanga wa anga, na kuinua vivuli baadaye, hatua 12 za kihisi hutosha mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Kompyuta, diski na umeme

Fremu moja ya TIFF ya biti 16 kutoka kamera ya megapikseli 24 ina MB 144 ikiwa haijabanwa, na tano ni MB 720 kwa chumba kimoja. Mzigo huo unaihusu Enfuse, na pia Photomatix ukiipa TIFF; Lightroom na HDRMerge hula faili ghafi moja kwa moja na kuacha DNG moja mwishoni. Upande wa mashine, Lightroom na darktable zote mbili zina njaa ya kumbukumbu, na darktable huchangamka sana ikipata kadi ya michoro inayoifaa. Photomatix na Enfuse huvumilia kompyuta ya kawaida, na zote mbili huweza kupangiwa vyumba ishirini zikafanya peke yake wakati umeme upo, jambo lenye thamani kwa anayelipia mafuta ya jenereta.

Lightroom Classic na Photomatix Pro zinapatikana kwa Windows na Mac. HDRMerge, darktable, Hugin na Enfuse zinafanya kazi pia kwenye Linux, ambayo mara nyingi ndiyo inayoifufua kompyuta iliyochoka.

Malipo na mtandao

Lightroom Classic hulipiwa kwa mfululizo, na mtu ambaye fedha zake zote zinapita kwenye simu atahitaji kwanza kupata kadi inayokubalika kimataifa. Programu inafanya kazi bila mtandao, lakini lazima iunganishwe mara kwa mara ili leseni ithibitishwe. Ukiacha kulipa, picha zako hazipotei na unaweza kuzitoa, ila sehemu ya kusafishia picha (Develop) hufungwa. Kwa mwenye kipato cha kila mwezi mpango huo si mbaya, kwa kuwa anapata programu moja ya kupanga, kusafisha na kuunganisha. Kwa anayefanya kazi kwa msimu, ni mzigo.

Photomatix Pro hununuliwa mara moja. Toleo lake la majaribio halina mwisho wa muda, ila huweka alama juu ya picha, kwa hiyo unaweza kujifunza mwezi mzima kabla ya kutoa hata dola moja.

Programu za njia mbili zilizobaki ni huru na hazilipiwi. Kuna jambo ambalo hapa kwetu ni kubwa kuliko bei: leseni yake inaruhusu kunakili, hivyo mwenzako aliyekwisha kuteketeza mega zake kuzipakua anaweza kukupa kwa flashi, kihalali, bila virusi vinavyokuja na nakala za wizi. Gharama yake ni muda. HDRMerge hasa haifanyiwi marekebisho kwa kasi, na kamera mpya sana huenda isitambuliwe; ijaribu kwa faili moja kabla ya kuahidi kazi.

Kwa hali yako

Ikiwa picha zako zote tayari zimo ndani ya Lightroom na unailipia, usitafute nyingine kwa ajili ya HDR ya vyumba na mandhari. Ongeza Photomatix siku utakapopata kazi yenye mitumbwi au umati. Ukianza biashara ya kupiga nyumba za wageni na unataka kukabidhi picha kesho yake, Photomatix kwa njia ya kuchanganya itakufikisha haraka, mradi uviache vitelezi vya undani vilale.

Ikiwa huna kadi, una subira, na unapenda kujua kila kitelezi kinafanya nini, HDRMerge na darktable zitakulipa kwa miaka. Mimi ndiko niliko, lakini nilikuwa na muda wa kujifunza ambao kijana mwenye familia huenda hana. Ikiwa kompyuta yako ni dhaifu, au una JPEG tu, Enfuse ndiyo ya kuanzia. Hali hiyo inamhusu pia mwenye simu ya Android: Open Camera inaweza kupiga fremu kadhaa zenye mwanga tofauti bila malipo, na JPEG hizo HDRMerge haiwezi kuzipokea kwa sababu inataka faili ghafi, lakini Enfuse inazikubali. Kama HDR ya simu yenyewe inakutosheleza, basi simu imekwisha kukufanyia kazi zote mbili, na huna sababu ya kuingia gharama.

Aliyebaki njia panda apige fremu tano za chumba chake mwenyewe, chenye pazia na taa iliyowashwa, azipitishe kwenye zile za bure na kwenye majaribio ya Photomatix, kisha akuze picha hadi asilimia 100 na kutazama sehemu tatu tu: ukingo wa dirisha, mawe yaliyo kivulini, na pazia.